Mafundi watatu, kazi moja: tathmini ya vigeu vya mazingira kwenye Windows, Linux na macOS

Kazi niliyoipa mifumo endeshi mitatu ilikuwa ndogo na ileile: kuiambia kompyuta zana za Android ziko kwenye folda gani, ili mtu akiandika `adb devices` kwenye dirisha la amri, akiwa kwenye folda yoyote ile, orodha ya simu zilizounganishwa kwa waya ijitokeze. Vinahitajika vigeu viwili tu vya mazingira. Cha kwanza ni `ANDROID_HOME`, kinachobeba anwani ya folda ya zana, na cha pili ni `PATH`, ambacho kila mfumo unacho tangu siku ya kwanza na ambacho huongezewa tu anwani ya folda ndogo ya `platform-tools`. Nafundisha vijana utengenezaji wa programu za simu katika chumba chenye kompyuta za kila namna: nyingi ni za Windows, chache ni mashine kuukuu zilizotupwa na maofisi nasi tukazifufua kwa Linux Mint, na zipo Mac mbili zinazoingia asubuhi na wenyewe na kuondoka nao jioni. Kazi hiyo ya dakika tano ndiyo inayokula asubuhi nzima ya siku ya kwanza, muhula hadi muhula.

Kwa hiyo nimeamua kuipima mifumo hii kama tunavyowapima mafundi. Fundi cherehani mwenye ujuzi wa kila mshono bado anaweza kukuharibia Idi akishindwa kukwambia kitambaa chako amekiweka wapi na nguo itakuwa tayari lini. Maswali hayo mawili, umeweka wapi na itakuwa tayari lini, ndiyo niliyoyatumia kutoa nyota hapa, kwa sababu uwezo wenyewe wa kuhifadhi jina na thamani yake mifumo yote mitatu inao na hakuna unaoshindwa.

Kwanza niseme kinachofanya jambo hili lisumbue watu wenye akili timamu. Kigeu cha mazingira ni jina lililofungwa kwenye maandishi fulani, na programu huzaliwa nalo. Kila programu inapoanzishwa hupewa nakala ya vigeu vyote vya programu iliyoianzisha, na tangu hapo nakala ile ni mali yake. Ni kama mtoto aliyekwishapewa fungu lake na kuhama nyumbani: baba akinunua shamba jingine kesho yake, fungu la mtoto haliongezeki, na mtoto akiuza lake, la baba halipungui. Wazo hili liliingia kwenye Unix toleo la 7 mwaka 1979, na DOS ikalichukua katika toleo la 2.0 mwaka 1983, ndiyo maana Windows na wenzake wanafanana kabisa kwa wazo na kutofautiana kwa karibu kila kitu kingine, hata kwa alama ya kutenganisha anwani ndani ya `PATH`. Linux na macOS hutumia nukta pacha. Windows hutumia nukta-mkato, kwa kuwa nukta pacha ilikwishachukuliwa na herufi za diski, ile `C:` tunayoijua wote. Mwanafunzi anayenakili mstari wa Linux na kuubandika kwenye Windows huangushwa na nukta hiyo kabla hajafika popote.

Nikianza na Windows, njia ninayoipendekeza bila kusita ni ile ya madirisha. Andika neno `environment` kwenye sehemu ya kutafutia ya menyu ya kuanzia, chagua jibu linalohusu vigeu vya mfumo, kisha bofya kitufe cha vigeu kilicho chini ya dirisha dogo linalofunguka. Hapo utaona orodha mbili, ya juu ikiwa ya mtumiaji aliyeingia na ya chini ikiwa ya kompyuta nzima. Swali la umeweka wapi linajibiwa hapohapo, kwa macho, bila kukariri jina la faili lolote. Tena tangu mwaka 2015, kwa toleo la Windows 10 la mwezi Novemba, `PATH` huonyeshwa kama orodha inayosomeka, anwani moja kwa mstari, ikiwa na vitufe vya kuongeza, kufuta na kupandisha juu. Waliotumia Windows kabla ya hapo wanakumbuka kijisanduku cha mstari mmoja kisichopanuka, ambamo ulilazimika kutembeza kishale herufi kwa herufi ukitafuta nukta-mkato. Kwa badiliko hilo moja, walioliandika walistahili kupewa soda.

Dosari mbili za njia hii ni ndogo lakini zinaudhi. Anayefunga dirisha la orodha kwa alama ya msalaba badala ya kitufe cha OK hupoteza kila alichoandika, bila onyo lolote, na kila muhula nina vijana wawili watatu wanaoapa kwamba wameandika na kompyuta imekataa. Ya pili ni mpangilio: katika `PATH`, anwani za mfumo hutangulia na za mtumiaji hufuata nyuma, kwa hiyo kama kuna programu mbili zenye jina moja, ya mfumo hushinda hata ukipandisha yako mpaka juu kabisa ya orodha yako. Ukibaki ukijiuliza ni ipi inayoitikia, andika `where adb` kwenye dirisha la amri la kawaida, au `where.exe adb` kama uko PowerShell, lile dirisha jingine la amri la Windows lenye uwezo mkubwa zaidi, kwa kuwa huko neno `where` peke yake lina kazi nyingine kabisa.

Kuhusu swali la lini, Windows hujibu kama fundi wetu: njoo kesho. Ukimaliza kuweka kigeu, dirisha la amri lililokuwa wazi halikioni, kwa sababu fungu lake lilikwishagawiwa. Windows hutangaza kwa madirisha yote kwamba mazingira yamebadilika, lakini programu nyingi hazisikilizi tangazo hilo. Anayesikiliza ni msimamizi wa menyu na folda, na ndiyo maana programu utakayoifungua upya kutoka kwenye menyu hupata thamani mpya. Mtego mkubwa uko kwa wanaotumia dirisha la amri lililo ndani ya Visual Studio Code, mhariri wa kuandikia msimbo. Wanalifunga na kulifungua mara kumi bila mafanikio, kumbe dirisha hilo humrithi mhariri wenyewe, na mhariri ndiye mwenye nakala ya zamani. Funga mhariri wote, madirisha yake yote, ndipo ufungue upya.

Njia ya amri kwenye Windows siipi sifa hiyo. Zipo amri mbili zenye majina yanayokaribiana na tabia zinazopingana: `set` huweka kigeu sasa hivi lakini hakifiki kesho, na `setx` hukiweka kwa ajili ya kesho lakini hakionekani sasa hivi. Kama hilo halitoshi, `setx` hukata maandishi yanayozidi herufi 1024. Hukata, huonya kwa mstari mmoja, kisha huhifadhi kilichobaki.

Nalijua hilo kwa uchungu. Niliitwa wakati mmoja kwenye ofisi fulani kuweka zana moja kwenye kompyuta ya mhasibu, nami kwa haraka zangu nikaandika amri ambayo nimeiona ikipendekezwa kila kona:

`setx PATH "%PATH%;C:\zana"`

Kosa lilikuwa langu mara mbili. `%PATH%` ni mchanganyiko wa orodha ya mfumo na ya mtumiaji, lakini `setx` huuandika mchanganyiko wote kwenye orodha ya mtumiaji peke yake, kwa hiyo anwani za mfumo zikajirudia huko na kujaza nafasi. Pili, mchanganyiko ule ulizidi herufi 1024, na zilizokatwa ni zile za mwisho, yaani za mhasibu mwenyewe. Onyo lilitoka, ila mimi nilikuwa nimegeuka kupokea kikombe cha chai. Dakika chache baadaye mhasibu akafungua programu yake ya ripoti na ikadai kwamba msaidizi wake mmoja haonekani. Nilihisi jasho. Kilichoniokoa ni tabia ileile niliyotoka kuilalamikia: dirisha jeusi nililotumia kuandika amri lilikuwa bado wazi, na fungu lake la zamani lilikuwa halijaguswa. Nikaandika `echo %PATH%`, maandishi marefu yakashuka yakiwa kamili, nikanakili kipande cha mwisho kilichokuwa cha mtumiaji na kukirudisha mahali pake kwa kutumia dirisha la orodha. Kama ningalikuwa nimefunga dirisha lile, chai ningeinywa nikiwa nimesimama.

Anayehitaji amri kweli, kwa mfano anayeandaa kompyuta ishirini kwa siku moja, atumie PowerShell. Mstari wake ni mrefu lakini hauna mshangao, na unakulazimisha kutaja wazi ni orodha ya nani unayoigusa:

`[Environment]::SetEnvironmentVariable("ANDROID_HOME", "$env:LOCALAPPDATA\Android\Sdk", "User")`

Kuna pia PowerToys, mkusanyiko wa zana za bure unaotolewa na Microsoft yenyewe, ambao tangu toleo la 0.75 la Oktoba 2023 una mhariri wa vigeu vya mazingira. Nimeutumia muhula mzima na nimeupenda kwa jambo moja: unaweza kukusanya vigeu kadhaa chini ya jina moja, tuseme la mradi, kisha ukaviwasha vyote kwa swichi na kuvizima kwa swichi ileile. Kama kigeu cha jina hilo kilikuwapo tayari, huhifadhi thamani ya zamani kando kwa jina jingine na kuirudisha unapozima. Kasoro yake ni kwamba unapakua sanduku zima la zana kwa ajili ya bisibisi moja, na kwenye kompyuta zetu zenye kumbukumbu ndogo hilo linaonekana. Windows kwa jumla naipa nyota nne kwa madirisha yake na moja kwa `setx`, na sitazijumlisha na kuzigawanya kwa mbili, kwa sababu msomaji atatumia moja tu kati ya hizo, na natumaini nimekwisha kumwonyesha ni ipi.

Linux ni fundi wa tabia nyingine. Kwa swali la lini, jibu lake ni sasa hivi. Unaandika mistari miwili kwenye sheli, na sheli ninayoisema hapa si kituo cha mafuta bali ni ile programu inayopokea amri zako:

`export ANDROID_HOME="$HOME/Android/Sdk"`

`export PATH="$PATH:$ANDROID_HOME/platform-tools"`

Mstari unaofuata `adb` inaitika. Hakuna kufunga wala kufungua kitu. Unaweza hata kuweka kigeu kwa ajili ya amri moja tu, kwa kukitanguliza mbele yake, na amri ikiisha kigeu nacho kinakwisha. Mfano ninaowapa wanafunzi ili wacheke kidogo ni `LC_ALL=sw_TZ date`: kama lugha hiyo imewekwa kwenye mashine, tarehe hutoka kwa Kiswahili, ingawa saa inabaki ile ya kuhesabu tangu usiku wa manane na kamwe haitakwambia ni saa mbili asubuhi. Ukitaka saa ya nyumbani kwenye seva iliyoko ughaibuni, `TZ=Africa/Dar_es_Salaam date` inatosha. Dirisha la amri la Windows halina kitu chepesi namna hii.

Shida ya Linux iko kwenye swali la umeweka wapi. Ulichoandika kwa `export` hufa pamoja na dirisha, na ukitaka kidumu lazima ukiandike kwenye faili, na hapo ndipo mafaili yanapojipanga kama madalali stendi, kila mmoja akikuita kwake. Lipo `~/.bashrc` (alama ya `~` ni folda yako ya nyumbani), ambalo sheli ya bash hulisoma kila unapofungua dirisha jipya la amri. Lipo `~/.profile`, linalosomwa unapoingia kwenye kompyuta kwa nenosiri. Lipo `~/.bash_profile`, ambalo likiwapo, bash haitalisoma tena `~/.profile`, bila kukuambia. Nimeona mashine ambayo programu moja ya usakinishaji ililiunda faili hilo kimya kimya na vigeu vyote vya mwenye kompyuta vikazimika. Lipo `/etc/environment` kwa ajili ya watumiaji wote, ambalo sura yake ni ya sheli lakini si la sheli, kwa hiyo ukiandika `$HOME` ndani yake itabaki kuwa herufi tano zenye alama ya dola. Ipo pia folda ya `/etc/profile.d`, na kwenye mifumo inayotumia systemd ipo `~/.config/environment.d`. Kila moja lina sababu yake ya kihistoria na hakuna lililo kosa. Lakini mgeni anayeuliza aandike wapi hupewa majibu sita na watu sita, wote wakiwa sahihi.

Ushauri wangu kwa kompyuta ya mezani ya Mint au Ubuntu ni kuandika kwenye `~/.profile`, kutoka na kuingia upya mara moja, na kuachana na mengine mpaka siku utakapokuwa na sababu. Ukiandika hapo, hata programu unazozifungua kwa kubofya ikoni zitavirithi vigeu, jambo ambalo `~/.bashrc` haiwezi kukuhakikishia.

Kuhusu kosa linalotokea sana, nina kijana mmoja aliyenifanya nibadilishe namna ninavyofundisha. Aliandika mwishoni mwa `~/.bashrc` mstari wa `PATH` bila kuweka `$PATH:` mwanzoni, akafungua dirisha jipya, akaandika `ls`. Kompyuta ikamjibu kwamba amri hiyo haijulikani.

"Mwalimu, nimefuta `ls`."

Nikamwambia ajaribu `cd`, ile ya kuhamia folda nyingine, ikafanya kazi. Ajaribu `nano`, mhariri wa maandishi, haikuonekana. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja chungu cha watu. Nikamwambia aandike `/bin/ls`, na mafaili yake yote yakajipanga kama kawaida. Hapo ndipo darasa zima lilipoelewa `PATH` ni nini, kuliko nilivyoeleza kwa saa nzima ubaoni: amri zilikuwa palepale, isipokuwa sheli ilikuwa imesahaulishwa mitaa ya kuzitafutia, na `cd` ilinusurika kwa sababu ni kiungo cha sheli yenyewe na haitafutwi popote. Tukafungua `/bin/nano ~/.bashrc`, tukaongeza herufi zilizokosekana, tukaandika `source ~/.bashrc` huku tukiwa tumeirudishia kwanza `PATH` ya kawaida. Tangu siku hiyo naliharibu kwa makusudi mbele ya kila darasa jipya.

Jambo jingine ninaloihesabia Linux kuwa sifa ni kugomba kwake. Ukiacha nafasi kabla na baada ya alama ya usawa, yaani `ANDROID_HOME = kitu`, sheli inakataa papo hapo ikidai haijui amri iitwayo `ANDROID_HOME`. Kwenye dirisha la amri la Windows, `set ANDROID_HOME = kitu` hupokelewa kwa utulivu, na matokeo yake ni kigeu ambacho jina lake linaishia na nafasi tupu isiyoonekana, ambacho hakuna programu itakayokipata hata siku moja. Afadhali fundi anayegomba. Hata hivyo Linux nayo ina pembe za giza: amri inayoendeshwa kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, huondolewa vigeu vyako vingi kwa sababu za usalama, na kazi zilizopangwa kwa `cron` huzaliwa na `PATH` fupi mno, mara nyingi `/usr/bin:/bin` tu, kwa hiyo hati iliyofanya kazi mchana mbele yako inashindwa usiku peke yake. Nyota nne kwa wepesi, nyota mbili kwa wingi wa milango.

Kwa macOS nitasema machache, kwa kuwa mistari ni ileile ya `export`, ila folda huwa `~/Library/Android/sdk`. Tangu toleo la Catalina la mwaka 2019 sheli yake ya kawaida ni zsh, nayo husoma `~/.zshrc`, wala haina habari na `~/.bash_profile` ambayo maelekezo ya zamani yaliyojaa mtandaoni bado yanaitaja. Mmoja wa wenye Mac darasani alifuata maelekezo ya namna hiyo kwa uaminifu mkubwa, akaandika kila kitu sawasawa, kwenye faili lisilosomwa na mtu.

Kilichonifanya niipe macOS nyota mbili na nusu ni programu zinazofunguliwa kwa ikoni. Hizo hazipiti kwenye sheli, kwa hiyo hazijui chochote kilichoandikwa kwenye `~/.zshrc`. Zamani lilikuwapo faili la `environment.plist` kwa kazi hiyo, likaondolewa kwenye Mountain Lion mwaka 2012. Wengine wakahamia `/etc/launchd.conf`, nalo likaacha kusomwa kwenye Yosemite mwaka 2014. Kilichobaki ni amri ya `launchctl setenv`, ambayo kazi yake hufutika ukizima mashine, au kuandika faili la kuianzisha kila unapoingia, jambo ambalo siwezi kumtwisha mwanafunzi wa siku ya kwanza. Baadhi ya wahariri, Visual Studio Code ikiwamo, wamejitafutia dawa yao kwa kuanzisha sheli kichinichini na kuchungulia vigeu vyake. Dawa inafanya kazi, lakini ukiona mpangaji anajichimbia kisima chake mwenyewe ujue mwenye nyumba hajaleta maji.

Kuna zana moja inayovuka Linux na macOS ambayo naipa nyota nne na nusu, nayo ni direnv. Unaweka faili liitwalo `.envrc` ndani ya folda ya mradi, na kila ukiingia kwenye folda hiyo kwa `cd`, vigeu vinawekwa. Ukitoka, vinaondolewa na vya zamani vinarudi. Inahitaji mstari mmoja tu kwenye faili la sheli yako, kwa bash ukiwa `eval "$(direnv hook bash)"`. Mara ya kwanza inakataa kusoma faili mpaka uandike `direnv allow`, na ukibadilisha hata herufi moja inakuuliza upya. Wanafunzi huona huo ni usumbufu. Mimi naona ni busara, kwa kuwa `.envrc` ni hati inayoendeshwa, na mradi uliopakuliwa kutoka kwa mtu usiyemjua haupaswi kuendesha kitu chake eti kwa sababu umeingia tu folda yake.

Faida yake kubwa kwetu ni kwa wanaounganisha programu zao na malipo ya simu. Anayetumia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, kwa mfano, hupewa ufunguo na siri ya kujitambulisha, na mahali pabaya kuliko pote pa kuviandika ni ndani ya msimbo wenyewe. Vikiwekwa kwenye `.envrc`, na jina la faili hilo likaandikwa kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git haitayachukua, kabla ya kitu kingine chochote, programu huvisoma kama vigeu na msimbo unaweza kushirikishwa bila hofu. Si kabati la chuma: kwenye Linux, anayeendesha programu kwa jina lako anaweza kuvisoma vigeu vyake kupitia `/proc`, na ukivichapa kwa mkono kwa `export` vitabaki kwenye historia ya amri zako. Nusu nyota niliyoibana ni kwa sababu dirisha la amri la kawaida la Windows haliitumii, na huko ndiko wanafunzi wangu wengi waliko.

Muhula uliopita alikuja binti asiye na kompyuta kabisa, ana simu tu, nikamwekea Termux, programu inayoleta sheli ya Linux kwenye simu, juu ya Android yake akae nayo pembeni wakati wenzake wakihangaika. Akaandika `pkg install android-tools`, akasubiri ipakue, akaandika `adb version`, na namba ya toleo ikatoka kabla mtu yeyote chumbani hajamaliza.

"Mwalimu, hiyo `PATH` mnayoitafuta tangu asubuhi, huku kwangu iko wapi?"

Nikamwambia aandike `echo $PATH`. Ikatoka anwani moja tu, `/data/data/com.termux/files/usr/bin`, na msakinishaji alikuwa ameiweka `adb` humohumo, ndani ya folda iliyokwisha kuorodheshwa. Kijana wa Mint aliyekaa karibu naye akachungulia simu ile, akageukia mashine yake, akaandika `sudo apt install adb`, kisha akaniangalia. Nilimjibu kwamba `ANDROID_HOME` bado ataihitaji siku atakapoanza kujenga programu yake mwenyewe, na akaendelea kuniangalia.